Nilikuwa Kisumu Juni 25, 2024 na magunia yangu ya dagaa. Tuzungumze IMF, maandamano na mabomu ya machozi

Mchuuzi wa Mwaloni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauweka kama ulivyo.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nanunua kwa wavuvi wa visiwani, naanika, nafunga, napeleka Kisumu kupitia Tarime na Sirari. Kule dagaa wanaitwa omena. Jumatatu ya Juni 24, 2024 nilishusha magunia 18 soko la Kibuye kwa mwenyeji wangu, mama wa Kijaluo tuliyefanya naye kazi miaka saba bila kuandikishana hata mstari mmoja. Nilitegemea Jumanne asubuhi nipokee hela yangu, nipande gari, nirudi Mwanza. Jumanne biashara haikufanyika. Vibanda vingi vilibaki na kufuli.

Kabla ya saa nne vijana walishaanza kupita kwa makundi, filimbi mdomoni, wengine na chupa za maji na bendera mgongoni. Binti mmoja, sidhani alikuwa amefika miaka 22, aliingia kibandani kwetu kujikinga na jua. Alikuwa na karatasi nyingi zimebanwa kwa pini, zimelowa jasho pembeni. Nikadhani ni masomo ya chuo. Kumbe ulikuwa Muswada wa Fedha wa 2024, kaupeleka kuchapwa kwa hela yake mwenyewe, kaupiga mistari ya wino mwekundu kila ukurasa.

Akatusomea. VAT ya 16% kwenye mkate: imekatwa. Kodi ya 2.5% ya thamani ya gari kila mwaka: imekatwa. Ushuru wa mafuta ya kula: umekatwa. Hivyo vilikuwa vimeondolewa wiki moja kabla, baada ya watu kupiga kelele. "Hivi tumeshavitoa," akasema, "sasa tumekuja kwa vilivyobaki." Serikali yao ilikuwa inatafuta shilingi bilioni 346 za Kenya kwa kodi mpya.

Nikamuuliza, mbona bango lako linaitaja IMF na muswada ni wa serikali yenu? Akaketi juu ya gunia langu akanieleza taratibu kama anamfundisha mdogo wake. Kwamba Aprili 2021 Kenya ilisaini programu ya mkopo ya dola bilioni 2.34 na Shirika la Fedha la Kimataifa, ndiyo hiyo IMF, na ndani yake waliahidi kuongeza makusanyo ya kodi. Kwamba mwezi huohuo wa 2021 Wakenya zaidi ya 200,000 waliweka majina yao kwenye ombi la mtandaoni, wakilisihi shirika hilo lisiikopeshe tena serikali yao. Mkopo uliendelea. "Tuliandika barua kwanza, mama. Barabara tumeijia baadaye." Neno hilo bado nalisikia.

Saa sita na kitu mabomu ya machozi yakaanza. Kwa ambaye hajawahi, nieleze. Kwanza husikii harufu, unasikia pua inachomwa kwa ndani kama umevuta pilipili ya unga. Kisha macho yanajifunga yenyewe, hata ukiyalazimisha. Mwenyeji wangu alilowesha khanga akaichana vipande vitatu: wake, wangu, wa yule binti. Kifua kilibana nikadhani ndiyo mwisho. Dagaa niliowafungua kuonyesha mteja walinyonya ile hewa. Gunia zima lilimwagwa.

Ndipo akaja askari mmoja kwenye bomba la nyuma ya kibanda. Kijana. Kofia ngumu kaishika kwapani, macho mekundu, machozi yanamtiririka sawasawa na sisi. Upepo ulikuwa umewageukia. Mwenyeji wangu hakusema kitu. Alichota maji kwenye kata akampa. Yule askari alinawa, akanywa, akasema asante mama, akavaa kofia, akarudi barabarani. Dakika mbili baadaye milio ikaendelea. Binti alikuwa ameshatoka. Sijui aliishia wapi na karatasi zake.

Jioni tukaona Bunge la Nairobi limevamiwa na jeshi limeitwa. Kesho yake, Juni 26, Rais Ruto akasema hatausaini muswada. Kufikia Julai 1 tume yao ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. IMF ikatoa tamko kwamba imesikitishwa na yaliyotokea.

Nilipofika nyumbani nikamwomba mwanangu anitafutie ya kwetu. Julai 2022 Tanzania ilipewa na IMF programu ya dola zaidi kidogo ya bilioni moja. Juni 2024, mwezi uleule niliokuwa Kisumu nakohoa, ikaongezwa nyingine ya dola milioni 786 kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Barua ambayo serikali inaiandikia IMF kueleza itakachofanya ipo mtandaoni, haijafichwa. Ila ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wachumi, kurasa na kurasa.

Sitaki mtu afe barabarani Mwanza kama walivyokufa wenzetu. Ninachosema ni kwamba kabla mkopo haujasainiwa, masharti yake yasomwe hadharani kwa Kiswahili, redioni, sokoni, kwenye mikutano ya mtaa. Wanaolipa ni sisi. Nakaribisha mawazo, na wenye kumbukumbu za zamani naomba mtusaidie.

Sangara Mbichi

Pole sana dada. Naweka kambi hapa.

Mzee wa Mabatini

Mwanangu, umenigusa. Mimi nina miaka 71, nilifanya kazi kiwanda cha nguo hapa Mwanza, na mambo haya niliyaona yanaingia.

Mwaka 1979 nchi ilikuwa imetoka vitani na Amin. Vita vilifika hadi hapa: ndege ya Walibya ilikuja kuupiga mji wetu, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane likaua wanyama. Mafuta bei juu, hazina tupu. IMF wakaja na masharti: shushieni shilingi thamani, punguzeni matumizi. Mwalimu akakataa. Januari 1, 1980, akizungumza na mabalozi, aliuliza ni lini hiyo IMF imegeuka kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima, na ni lini mataifa yalikubali kuikabidhi maamuzi yao. Sisi kiwandani tulilirudia swali hilo kama wimbo.

Lakini nisiwadanganye vijana. Miaka iliyofuata tuliteseka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na shati la mtu lilikuwa moja. Mwaka 1986 Mzee Mwinyi akasaini. Bidhaa zikarudi madukani, hilo ni kweli na nitalisema popote. Kisha ikaja "kuchangia gharama": shule uchangie, hospitali uchangie. Kiwanda chetu kikaanza kusinzia, mashine moja baada ya nyingine, mpaka siku tukaambiwa tusije tena. Hatukuandamana. Tulikaa nje ya geti siku tatu, tukaondoka mmoja mmoja.

Wenzetu Zambia waliandamana. Desemba 1986, baada ya ruzuku ya unga wa mahindi kuondolewa, bei ikapaa zaidi ya mara mbili, na miji ya migodi ya shaba ikawaka. Watu 15 walikufa. Kaunda akarudisha ruzuku, na Mei 1987 akaachana na IMF. Hakudumu, alirudi kwao baadaye, na Juni 1990 watu wakaingia tena barabarani kwa unga uleule.

Mtoto wa Igoma

Dada, pole kwa yaliyokukuta, ila mimi napingana na wewe. IMF haimfuati mtu nyumbani. Serikali ndiyo inapanda ndege kwenda kuomba, ikiwa imeshakula, imeshaiba, imeshajenga visivyolipa. Ukimwandama mkopeshaji unamwacha mkopaji anapumua. Vijana wa Kenya wenyewe walikuwa wanapigia kelele ufisadi kuliko hiyo IMF. Mabango ya IMF nayaona ni mkumbo tumeuchukua kwa Wazungu wa Seattle.

Mchuuzi wa Mwaloni

Kaka, la ufisadi nakubali na yule binti angekubali. Ila mimi nikikukopesha dagaa nikijua unaenda kuzimwaga, halafu nije kumdai mwanao, nina sehemu yangu katika kosa. Tena kwenye IMF mwenye sauti si mimi wala wewe. Marekani peke yake ina zaidi ya 16% ya kura, na maamuzi makubwa yanahitaji 85%. Piga hesabu uone nani anaweza kusema hapana akasikika.

Kuhusu Seattle, naomba anayejua atueleze. Mimi nasikia tu jina.

Nyegezi Kwetu

Shikamoo mzee wa Mabatini, na pole mama. Nasoma chuo hapa Nyegezi na mada hii nimeifuatilia, naomba niiweke vizuri kidogo.

Seattle ilikuwa Novemba 30, 1999, na mkutano ulikuwa wa Shirika la Biashara Duniani, WTO. Watu makumi ya maelfu, wakiwemo wafanyakazi wa vyama, walifunga njia ufunguzi ukashindikana. Polisi wakatumia gesi na risasi za mpira, meya akatangaza amri ya kutotoka nje, na mkuu wa polisi akaachia ngazi muda mfupi baadaye.

Miezi michache mbele, Aprili 2000, wakaelekea Washington yaliko makao ya IMF na Benki ya Dunia. Hapa ndipo ninapotaka kutulia, kwa sababu mama ametusimulia habari ya polisi. Jioni ya Aprili 15, siku moja kabla ya mikutano, polisi walizingira maandamano mbele na nyuma wakakamata watu karibu 700 kwa mkupuo. Walikuwemo wapita njia. Kesho yake wajumbe walipitishwa kwa mabasi alfajiri, mikutano ikaendelea. Septemba 2002 ikatokea tena kwenye bustani moja iitwayo Pershing Park: watu karibu 400 walizingirwa, hawakuamriwa kutawanyika, wakakamatwa wote. Wengine walifungwa kiganja cha mkono kwa kifundo cha mguu, wakakaa hivyo saa nyingi. Kesi zilichukua miaka. Jiji la Washington lilikubali kulipa dola milioni 13.7 kwa wale wa 2000 na zaidi ya milioni 8 kwa wale wa 2002. Walipa kodi wa Washington ndio waliolipa.

Genoa, Italia, Julai 2001, kwenye mkutano wa G8, kundi la mataifa makubwa manane, kijana wa miaka 23, Carlo Giuliani, alipigwa risasi na askari akafa. Usiku uliofuata polisi waliingia shule ya Diaz walikolala waandamanaji, wakawapiga wakiwa kwenye mifuko ya kulalia. Walikamatwa 93. Ili kuhalalisha uvamizi, polisi walisema wamekuta mabomu ya petroli humo. Mahakamani ikathibitika kwamba waliyaleta wao. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema yaliyofanyika Diaz ni mateso. Miaka 14, kaka wa Igoma. Hao Wazungu unaosema tunawaiga walivunjwa mbavu na wakasubiri miaka 14.

Mtoto wa Igoma

Hilo la shule sikulijua. Nimesoma mara mbili.

Askari Mstaafu

Wanajamvi, nimesita kuandika. Nilivaa gwanda miaka 29, mingi nikiwa kikosi cha kutuliza ghasia, kanda hii ya ziwa. Sitataja kituo wala mwaka.

Nikisoma habari ya yule kijana bombani, najiona mwenyewe. Watu wanadhani askari anajua waandamanaji wanadai nini. Hatuambiwi. Unaamshwa saa tisa usiku, unapanda karandinga, unasimama juani na ngao, kofia na buti saa sita, saba, bila maji. Redio inasema "safisha". Unasafisha. Kuna siku nilimkimbiza mama muuza ndizi, akaanguka, na beseni lake nikalikanyaga. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa hajui njia ipi iko wazi. Nimestaafu, beseni lile bado naliona.

Sheria yetu inataka ilani itolewe kabla ya nguvu kutumika, watu waambiwe tawanyikeni, na wapewe nafasi ya kutawanyika. Naomba wenzangu walio kazini walisome hilo la Washington kwa makini. Kilichowaponza polisi wale ni kwamba hawakutoa ilani, na walifunga njia zote za kutokea. Mtu hawezi kutii amri ambayo hakuisikia, wala kutoka mahali ulipomfungia. Na mara nyingi ilani yenyewe tunaitoa kwa kipaza sauti kibovu, injini zinaunguruma, huku mlio wa kwanza umeshatoka.

Jambo lingine. Wakati nasimama na ngao ile mwanangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo ya shule ya msingi. Ndiyo ile ya kuchangia gharama anayoisema mzee. Mshahara wangu haukutosha. Siku ile nilikuwa nalinda jengo, na ndani ya jengo wageni wanajadili hizohizo sera.

Nyegezi Kwetu

Mzee wangu, asante kwa kuandika. Nikuulize, mtoto wako alirudi shule lini?

Askari Mstaafu

Karo ilipofutwa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili.

Nyegezi Kwetu

Basi niwaambie kitu ambacho kilinishangaza nilipokisoma.

Mei 1998 viongozi wa G8 walikutana Birmingham, Uingereza. Watu wapatao 70,000, wengi wao waumini wa makanisa na wazee wastaafu, wakaja wakashikana mikono kuuzunguka mji wa kati, mnyororo wa watu. Kampeni yao iliitwa Jubilee 2000. Dai lilikuwa moja tu: futeni madeni ya nchi maskini kabla ya mwaka 2000 kuisha. Hakukuwa na moshi wala virungu. Mwaka uliofuata viongozi haohao wakakubali kupanua mpango wa kupunguza madeni, na ilipofika Novemba 2001 Tanzania ikafika mwisho wa masharti, ikapunguziwa madeni ya thamani ya karibu dola bilioni 3. Sehemu ya fedha zilizookolewa ilielekezwa elimu ya msingi, na karo ikafutwa. Mwaka 2006 yakafutwa mengine zaidi.

Sisemi mnyororo ule peke yake ndio uliofanya hayo. Serikali yetu nayo iliamua, na wafadhili walisukuma. Ila mzee, kuna mkono wa bibi mmoja wa Birmingham katika daftari la mwanao.

Askari Mstaafu

Nimemsomea mke wangu hapa. Ananyamaza tu.

Mama Buhongwa

Jamani nisaidieni mimi ambaye si msomi. Hawa polisi wa Birmingham kwa nini hawakupiga mabomu? Kwa sababu ni Wazungu wenzao?

Askari Mstaafu

Mama, Genoa nao walikuwa Wazungu. Kazini nimejifunza hivi: watu wakijulikana watapita wapi, wamekuja na nini na wataondoka saa ngapi, hata askari moyo unatulia. Ila na sisi lazima tuache kuchukulia taarifa ya maandamano kama ombi la kukataliwa. Sheria inasema taarifa ya saa 48. Taarifa, si kibali. Kwa miaka yote niliyokaa, niliona nyingi zinajibiwa hapana kwa sababu za kiintelijensia, mstari mmoja, basi. Ukimkatalia mtu njia ya wazi mara tano, mara ya sita hatakuja na barua.

Mchuuzi wa Mwaloni

Mzee, hapo ndipo yule binti alipokuwa anaongelea. "Tuliandika barua kwanza."

Nimesoma wote. Mtoto wa Igoma, naendelea kuamini una hoja, na nataka uwepo kwenye hili ninalosema sasa. Nimemwomba kijana wa Nyegezi atuchapie barua ile ya serikali yetu kwa IMF ya 2022. Ana rafiki anayesoma uchumi. Watatufasiria kipande kwa kipande: kodi, ruzuku, ajira, bei ya umeme, chochote kinachotugusa. Tunakaa Jumapili saa tisa alasiri kwenye kibanda changu Mwaloni, baada ya watu kutoka ibada. Tuko wanawake sita wa dagaa tayari. Ni kusoma tu. Mwenyekiti wa mtaa nimeshampa taarifa, hajakataa.

Mtoto wa Igoma

Nakuja. Na kama ndani yake kuna kizuri nitakisema pia, msinizomee.

Mchuuzi wa Mwaloni

Hakuna wa kukuzomea. Njoo nacho.

Sangara Mbichi

Kibanda kipo upande gani? Karibu na mizani?

Mchuuzi wa Mwaloni

Ukitoka kwenye mizani mkono wa kushoto, kuna turubai la bluu. Uliza mama wa Kisumu, wananijua kwa jina hilo.

Mzee wa Mabatini

Mimi nitafika. Macho hayaoni herufi ndogo siku hizi, mtanisomea. Ila naomba tuanzie na kile kipande cha viwanda, kama kipo.